Tanuri la uani: uchambuzi wa ombi moja la kubadili matumizi ya kiwanja

Bango lilisimikwa Jumatatu. Kufikia Jumatano kona yake moja ilikuwa imeshachanwa. Maandishi yalikuwa ya kawaida: kusudio la kubadili matumizi ya ardhi kutoka Makazi kuwa Makazi na Biashara, namba ya kiwanja, kitalu, na maelekezo kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi kwa mkurugenzi wa manispaa. Mwenye kiwanja ni mama anayeoka mikate uani kwake. Pingamizi lilikuja na saini za kaya 14.

Maombi yale niliyaandaa mimi, kama mtaalamu wa mipangomiji wa kujitegemea, kwa hiyo sehemu ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu. Mama amekubali kisa kiandikwe mradi mtaa usitajwe. Itoshe kusema ni mmoja wa mitaa ya Dar es Salaam iliyozaliwa na mradi wa viwanja na huduma, ule ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao ulitupa Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni. Mradi nautaja kwa sababu ndani yake mna nusu ya ugomvi wenyewe. Viwanja vile vilipimwa ili mtu wa kipato kidogo ajenge nyumba yake polepole, chumba baada ya chumba. Ni vidogo, vimebanana, na barabara za ndani ni nyembamba. Cha huyu mama kina mita 12 kwa 24. Barabara iliyo mbele yake ukiipima ukuta kwa ukuta utapata mita 6. Ukitoa mtaro, nguzo ya umeme na kibanda cha mkaa, gari linabakiwa na mita 4 hivi.

Leo ukipita kwenye barabara kubwa za maeneo hayo huoni makazi, unaona baa, gesti, saluni na fremu za simu zilizopangwa kama meno. Huko watu walishazoea. Ila ukiingia ndani, mtaa wa pili au wa tatu, bado wapo wenyeji wa mwanzo waliopewa viwanja wakiwa vijana, na kila mwaka wanaiona biashara inawasogelea nyumba kwa nyumba. Bango letu lilisimama kwenye mtaa wa tatu.

Mama alikuwa ameoka miaka sita bila kuuliza mtu. Alianza na oveni ya gesi jikoni, akitengeneza maandazi na skonzi za vibanda vya chai. Baadaye akaongeza mkate wa slesi. Akanunua tanuri la umeme la mtumba na mashine ya kukandia, akavuta umeme wa fezi tatu, akavunja vyumba viwili vya uani na kujenga banda safi la mita za mraba 38. Wateja wake walikuwa maduka ya jirani na shule mbili. Kisha supamaketi moja ikauonja mkate wake, ikautaka, kwa sharti kwamba uwe na nembo ya TBS, shirika la viwango la taifa.

Hapo ndipo uzi ulipoanza kuvutika. Mambo ya chakula yalitoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda TBS mwaka 2019, kwa hiyo jengo na bidhaa vyote vinaangaliwa na shirika hilo hilo. Mama akaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapata barua ya utambulisho kama wanavyofanya wajasiriamali wadogo wengi. Afisa afya akaja, akasifia vigae, akasifia neti za madirisha, kisha akaomba kuona leseni ya biashara. Leseni aliyokuwa nayo ilikuwa ya duka la rejareja. Alipotaka kuibadili, akaulizwa hati ya kiwanja. Hati inasema makazi.

Nyumba ya tatu kutoka kwake kuna baa. Nimeiona ramani: kiwanja kile nacho ni cha makazi. Haijawahi kusimika bango. Haijawahi kupata pingamizi la kaya 14 pia, maana pingamizi linahitaji bango la kulipinga. Wiki ile barua ilipofika, mama aliniangalia akasema, "Kaka, kumbe kosa langu ni kuuliza." Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Yeyote atakayeandika juu ya matumizi ya ardhi katika jiji hili akajifanya hajaliona jambo hilo, huyo anaandika kwa ajili ya kabati.

Kuhusu hatua za ofisini nitapita haraka. Hati ilikuwa bado na jina la marehemu mume wake, na maombi hupokelewa kutoka kwa mmiliki. Ikabidi afungue mirathi mahakama ya mwanzo, apate usimamizi, shemeji zake wakubali, kisha jina lihamishwe. Miezi mitano ikaenda. Pango la ardhi lilikuwa na deni la miaka mitatu, likalipwa. Nilimweleza pia kwamba matumizi yakibadilika, pango litapanda, kwa kuwa kiwango cha biashara si cha makazi. Alipiga hesabu kwa vidole kwenye meza iliyojaa unga, akasema endelea.

Nikaandika Makazi na Biashara. Niliyaandika maneno hayo bila kufikiri, kama mtu anavyoandika tarehe, kwa kuwa ndiyo yanayoandikwa siku zote. Makosa yangu yalianzia hapo.

Barua ya pingamizi ilikuwa na hoja sita: moshi, panya na mende, maji taka, magari, kelele, na kushuka kwa thamani ya nyumba. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, mtu alikuwa ameongeza: "Leo mkate kesho baa." Hoja sita nikazijibu moja moja kwenye jedwali. Moshi haupo, tanuri ni la umeme. Panya: huu hapa mkataba wa kupuliza dawa na hii hapa ripoti ya afisa afya. Maji taka: shimo linanyonywa kwa ratiba na mafuta yanakingwa kabla ya kuingia shimoni. Magari ni safari tatu kwa siku. Kelele nimezipima, ziko chini. Kwenye thamani ya nyumba niliandika upuuzi fulani juu ya kuchochea uchumi wa mtaa. Ile sentensi ya mwandiko mwingine sikuijibu kabisa. Niliiona kama kejeli ya mtu mwenye hasira.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha kikao kwenye uwanja wa ofisi yake. Walikuja watu kama thelathini. Nilisimama nikalisoma jedwali langu mpaka mwisho, kisha mwalimu mstaafu anayekaa nyumba ya kona akainua mkono.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba, baba. Umesoma vizuri. Sasa na mimi niulize. Huyu ni mwanangu, mume wake tumemzika sisi, maandazi yake nimekula na nitakula. Mimi sina neno na mkate. Nakuuliza: watoto wake wakija kuuza, aliyenunua akaangusha ukuta huu, akapiga fremu nne, ya mwisho akaweka baa, mimi nikienda manispaa nitaambiwa nini?"

Jibu nilikuwa nalijua. Ataambiwa kiwanja kile ni cha biashara, bango lilisimama, na yeye hakupinga.

Ukumbi mzima ulikaa kimya kunisubiri, ukumbi wenyewe ukiwa ni mwembe na mabenchi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jedwali langu lilikuwa limejibu barua na kuwaacha waandishi wake. Miezi yote ile tulikuwa tunamtetea mama: ni msafi, ni mpole, anajulikana. Majirani hawakuwa na shaka naye hata kidogo. Walichoombwa wakiridhie kilikuwa kikubwa kuliko tanuri, kwa sababu kibali hakimfuati mwombaji, kinakifuata kiwanja. Mama akihama, akifa, akifilisika, neno "Biashara" linabaki kwenye hati likimsubiri mtu wasiyemjua. Tulikuwa tunataka neno pana la kudumu ili tupate nafasi ya tanuri moja. Kwa upande wao ilikuwa kama kuombwa shamba na mtu anayetaka kuchuma kisamvu.

Na wenyeji wa jiji hili wana sababu ya kulishika neno "makazi" kwa mikono miwili. Wakazi wa Tabata waliishinda halmashauri ya jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 katika shauri la jaa la taka. Jaa lilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba mpango kabambe wa jiji ulikuwa umelitenga eneo lile kwa makazi. Jaa na mkate si ndugu, ni kweli. Lakini mtu wa kawaida asiye na wakili hana silaha nyingi zaidi ya rangi ile inayoonyesha makazi kwenye mchoro wa mipangomiji, na sisi tulikuwa tunamwomba aifute kwa hiari yake, bure.

Mtu wa pili kusema alikuwa dada mmoja muuguzi. Alianza tu, mzee mmoja akamkatisha: "Wewe mpangaji, hati unayo?" Watu wakacheka. Mwenyekiti, nampa haki yake, akasema aachwe amalize. Dada akaeleza kwamba ukuta wa chumba chake uko hatua mbili kutoka kwenye banda. Mashine ya kukandia inaanza saa nane usiku. Saa tisa na nusu guta linafika, kreti zinagongana, vijana wanaitana. Yeye anatoka zamu saa mbili usiku au anaingia asubuhi, na kwa vyovyote vile usingizi wake unakatika katikati.

Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinatenganisha mchana na usiku, na usiku wa mahali pa kulala unabanwa kuliko yote. Mimi nilikuwa nimepima kelele saa tano asubuhi. Saa tano asubuhi mashine imeshaoshwa na mama amelala. Sikufanya kwa hila. Nilikwenda muda ambao mtu wa ofisini huenda. Ila nafikiri hapa pana udhaifu wa utaratibu mzima, si wangu peke yangu. Karatasi zote nilizojaza ziliuliza kiwanja kiko wapi, kina ukubwa gani, kina jengo gani. Hakuna iliyouliza biashara inaamka saa ngapi. Na kati ya watu 30 waliokuwa pale, mwenye malalamiko yanayoweza kupimwa kwa kifaa alikuwa mmoja, naye ndiye aliyeambiwa hana hati. Mitaa hii ina wapangaji kuliko wenye nyumba. Wenye nyumba wengi waliosaini walikuwa wanatetea mali. Yeye alikuwa anatetea usiku.

Kikao kikaahirishwa. Nikarudi na mama mpaka kwake, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza swali ambalo ningelimuuliza siku ya kwanza: kwa nini unaoka usiku?

"Maandazi," akasema. Vibanda vya chai vinayataka ya moto saa kumi na moja alfajiri, kabla daladala hazijajaa. Skonzi hivyo hivyo. Na mkate wa slesi? Akacheka kidogo. Mkate wa slesi hauwezi kukatwa ukiwa wa moto, unabomoka. Na ukiufunga kwenye mfuko ungali na joto, unatoa jasho na kuota ukungu siku ya pili. Lazima ukae saa kadhaa upoe kabisa. Kwa hiyo mkate ungeweza kuokwa jioni, ukapoa usiku kucha, ukakatwa asubuhi, ukawa bora kuliko ule wa usiku wa manane. Alikuwa anauoka usiku kwa sababu tanuri limeshawaka kwa ajili ya maandazi, basi.

Supamaketi ilitaka mkate wa slesi. Nembo ilitafutwa kwa ajili ya mkate wa slesi. Maandazi ndiyo yaliyokuwa yanamwamsha muuguzi, nayo hayakuwa na haja na supamaketi wala hati mpya.

Sikulala vizuri siku ile mimi mwenyewe, ingawa kwangu hakuna tanuri.

Njia ya kwanza tuliyoipima ni ile ambayo baadhi ya majirani waliipendekeza: ahamie barabara kubwa, apange fremu. Naikubali nusu. Ningepaswa kuiweka mezani mapema, kwa dhati. Lakini wenye fremu wanataka kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka, na umeme wa fezi tatu angeanza kuuomba upya kwenye jengo la mtu anayeweza kumtoa wakati wowote. Faida ya mkate haibebi mzigo huo. Ingekuwa ni biashara ya kumlisha mwenye fremu.

Njia ya pili ilikuwa kuacha kila kitu, arudi kwenye skonzi kimyakimya kama baa inavyofanya yake. Alilifikiria hilo siku mbili. Nilimwelewa.

Tukachukua ya tatu. Nikaondoa maombi ya awali na kuandika mengine. Kanuni za mwaka 2018 zilizo chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 zimegawa matumizi katika makundi na madaraja, na hazimlazimishi mtu kuchukua neno pana kama anahitaji jembamba. Safari hii niliomba makazi pamoja na uokaji mdogo wa mikate, ndani ya banda lililopo, mita za mraba 38, bila fremu upande wa barabara. Ofisini niliambiwa kwanza kwamba maneno yaliyozoeleka ni Makazi na Biashara, na kwamba nitajichelewesha. Nikasema nitasubiri. Bango jipya likasimama, safari hii likiwa na mistari miwili zaidi.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi na kikali zaidi kwenye mambo madogo. Tulibishana dakika arobaini kuhusu kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Makubaliano yaliyoingia kwenye muhtasari wa mtaa ni haya: tanuri na mashine ya kukandia havifanyi kazi baada ya saa tatu usiku wala kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, unga unaletwa kwa kirikuu, lori la Kenta haliingii mtaani, kreti zinapakiwa kwenye lami, pale kona, zikipelekwa na toroli lenye magurudumu ya mpira, mlango wa banda upande wa muuguzi unazibwa na kufunguliwa upande wa pili. Kuziba mlango kulimgharimu mama tofali, saruji na siku tatu bila kuoka.

Nimeulizwa na wenzangu kama muhtasari wa serikali ya mtaa unamfunga mnunuzi wa baadaye. Kwa maoni yangu haumfungi sana. Ndiyo maana nilisisitiza masharti ya saa na ukubwa wa banda yaandikwe pia kwenye mapendekezo ya kamati ya madiwani, yale yanayosafiri na jalada. Maneno membamba ya matumizi ndiyo kinga yenyewe. Muhtasari ni adabu ya ujirani tu, lakini adabu hiyo ndiyo iliyowaondoa watu kwenye pingamizi. Kaya 11 ziliandika kuondoa. Tatu hazikuondoa. Mojawapo ni ya yule mzee aliyemwita dada mpangaji. Anasema hapendi kushindwa. Muuguzi aliondoa, ingawa kwa mujibu wa mzee saini yake haikuwahi kuwepo.

Maandazi yalikufa. Hili hakuna aliyelifurahia. Saini ya tisa kwenye pingamizi ilikuwa ya mama anayeuza chai kona, naye alikuwa ananunua maandazi 60 kila alfajiri kutoka kwenye banda lile lile alilolipinga. Alisaini, anasema, kwa sababu karatasi ilikuja na watu wote walikuwa wanasaini. Sasa anapanda bodaboda saa kumi alfajiri kwenda kuyatafuta mbali, na akimwona mama wa mikate anageuza uso.

Kamati ya madiwani ilikuja kukagua, ikakaa robo saa, nusu yake wakiwa wanaonja. Ikapendekeza ombi likubaliwe pamoja na masharti. Jalada likaenda ofisi ya ardhi ya mkoa, ofisi ambazo tangu 2020 zimepunguza safari nyingi zilizokuwa zikiishia wizarani. Hati mpya bado haijatoka. Mama anaoka jioni, anakata asubuhi, na supamaketi imemwongezea muda wa kusubiri nembo mara mbili.

Wiki iliyopita bango jingine limesimikwa mtaa ule ule, nyumba nne kutoka kwake. Makazi kuwa Makazi na Biashara, maneno yale ya zamani, mapana. Nasikia mwenye kiwanja amewaambia watu kwamba kwa mama wa mikate walikubali, kwa nini kwake wakatae. Mwalimu alinipigia simu jioni hiyo hiyo.

"Hili bango umeliandika wewe?"

"Hapana, mwalimu. Si langu."

"Haya. Basi kesho njoo tulisome pamoja."